Mlima Ulioungua na Mlima wa Mezani

Moto wa msituni ukifika kwenye reli, chuma chenyewe hakiungui. Kinachoungua ni vitu vinavyokifanya chuma hicho kiwe reli: mataruma ya mbao yanayokishikilia, kebo za ishara zinazopita kando yake, nguzo, nyaya za umeme juu, na masanduku ya vifaa yanayomjulisha dereva kama njia ya mbele iko wazi. Chuma kikipata joto kali hurefuka, na kwa kuwa hakina pa kwenda, hupinda. Miti iliyoungua mashina huendelea kuangukia njia wiki kadhaa baada ya moto kuzimika. Milimani kuna la ziada: mteremko uliopoteza majani na mizizi hauwezi tena kuzuia mawe wala udongo, hivyo mvua ileile inayoshangiliwa kwa kuzima moto inaweza kuporomosha mlima juu ya reli.

Blue Mountains, milima iliyo magharibi ya jiji la Sydney nchini Australia, iliyajua haya mwishoni mwa 2019. Tarehe 26 Oktoba radi ilipiga msituni karibu na mahali panapoitwa Gospers Mountain, na moto uliozaliwa hapo haukumalizika mpaka mvua za Februari 2020. Uliteketeza zaidi ya hekta 500,000. Huo ulikuwa mmoja tu kati ya mioto mingi ya msimu ambao Waaustralia wanauita Kiangazi Cheusi. Tume ya kitaifa iliyoundwa baadaye ilihesabu watu 33 waliokufa, tisa kati yao wakiwa wazimamoto, na nyumba zaidi ya 3,000 zilizoteketea. Mwezi Desemba moto ulifika kwenye reli kati ya stesheni za Mount Victoria na Lithgow, ukaharibu mifumo ya umeme na ishara, na treni zikasimama. Ile ndiyo njia kuu ya kuvuka milima kuelekea magharibi mwa jimbo la New South Wales. Hupita nafaka, hupita makaa ya mawe, na hupita Indian Pacific, treni inayokwenda kilomita 4,352 hadi Perth.

Swali ninalotaka kuliuliza ni dogo mbele ya hayo yote, na huenda kuna msomaji atakayeliona ni dogo mno. Kuna mtu ambaye alikuwa na reli hiyohiyo nyumbani kwake, juu ya meza, yenye milima na miti na mahandaki, aliyoijenga kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka 30. Mlima halisi ulipoungua, mlima wa mezani ulibaki na majani yake yote. Je, mtu huyo anawajibika kwa nini? Ana haki ya kuuombolezea mlima kupitia kitu cha kuchezea wakati majirani zake wamepoteza nyumba? Na je, anapaswa kuichoma miti yake ya mezani, ili mfano usiendelee kusema uongo?

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa ya maadili hapa Sydney. Kama wanafunzi wengi wa Kiafrika, mwishoni mwa wiki nafanya kazi ya kutunza wazee, na kwa mwaka mmoja na zaidi Jumamosi zangu zimekuwa za mzee mmoja anayeishi peke yake katika mji mdogo milimani. Wenyeji wa huku huitana majina ya kwanza hata kama mmoja ana umri wa kumzaa baba wa mwenzake. Mimi ulimi umekataa. Namwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alisema hakuna aliyewahi kumpandisha cheo kwa haraka hivyo.

Siku aliposikia natoka Moshi, hakuniuliza kuhusu simba. Aliniuliza kama nimewahi kuyaona magarimoshi makubwa ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ya daraja la 59, yaliyopewa majina ya milima ya kwetu. Sikuwahi kuyaona. Yeye aliyajua kwa sababu yalitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, iliyotengeneza pia magarimoshi ya AD60 yaliyoanza kazi New South Wales mwaka 1952. Alikuwa na AD60 moja kwenye rafu, ndogo, ya kukaa kiganjani na kupita vidole. Milima ya Tanzania aliifahamu kwa majina kabla hajamfahamu Mtanzania hata mmoja.

Meza yake ina urefu wa mita nne. Imejengwa kwa uwiano ambao wapenzi wa treni za mfano wanautumia sana duniani, 1 kwa 87, ambao unamfanya mtu mzima awe na urefu wa sentimita mbili. Kwa uwiano huo kilomita moja ya reli inahitaji zaidi ya mita 11 za meza. Mita zake nne ni chini ya mita 350 za njia halisi, kwa hiyo ilimbidi achague. Alichagua kipande kimoja cha mteremko unaoshuka kuelekea Lithgow, mdomo wa handaki moja, kibanda cha mshika ishara, na msitu wa mikaratusi. Akachagua pia mwaka. Hili lilikuwa geni kwangu: anayefanya kazi hii kwa dhati huchagua mwaka, na akishauchagua, kila kitu juu ya meza lazima kiutii, kuanzia rangi ya mabehewa hadi matangazo ya sabuni ukutani. Mwaka wake ni 1956. Mwaka uliofuata treni za umeme zilifika Lithgow, na enzi ya moshi katika milima ile ikaanza kufa. Yeye alikuwa na miaka kumi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli.

Miti aliitengeneza mmojammoja kwa waya uliosokotwa, akaivisha sifongo iliyosagwa na kupakwa kijani chenye vumbi la kijivu, kwa sababu mikaratusi haina kijani cha mwembe. Udongo hakuununua. Miaka ya mwanzo ya 1990 alikwenda na ndoo hadi kando ya barabara iliyo karibu na reli, akachota udongo wa mlima wenyewe, akaukausha, akauchunga kwa soksi ndefu za mkewe, kisha akaugandisha mezani kwa gundi. Hili tulishike. Mteremko alikochota udongo uliungua Desemba 2019. Ganda la juu la mlima ule, lile lililokuwapo kabla ya moto, limebaki sebuleni kwa Mzee.

Milima hiyo ina historia ya reli inayoweza kumfanya mtu yeyote awe mpenzi. Wajenzi wa kwanza, chini ya mhandisi John Whitton, walishindwa kuishusha reli moja kwa moja hadi bonde la Lithgow kwa jinsi mteremko ulivyo mkali. Wakajenga njia ya kwenda na kurudi, ikafunguliwa mwaka 1869: treni inashuka, inasimama, inabadili njia na kushuka kinyumenyume, inasimama tena, kisha inaendelea mbele. Mwaka 1910 njia mpya yenye mahandaki kumi ilichukua nafasi yake, na ile ya zamani ikaachwa na madaraja yake ya mawe. Kuanzia 1975 watu wa kujitolea waliifufua kama reli ya kitalii, Zig Zag Railway. Oktoba 2013, wakati imefungwa kwa sababu za kiusalama na wenyewe wakihangaika kuifungua tena, moto ulioanzia kwenye zoezi la kijeshi la milipuko uliipitia, ukateketeza mabehewa na kuharibu vifaa. Wakaanza upya. Mwishoni mwa 2019 moto uliirudia. Wakaanza upya tena. Abiria walipanda tena Mei 2023.

Baada ya moto ule wa pili ndipo mjadala ulipofika kwenye meza ya Mzee. Ananisimulia kwamba wenzake wa chama cha treni za mfano walikuja kumjulia hali, na mmoja wao, ambaye naye alikuwa ametumwa kuzima moto kama mzimamoto wa kujitolea, aliitazama ile meza ya kijani kwa muda mrefu kisha akasema: Hii inabidi uichome sasa. Alimaanisha aipake rangi nyeusi na ya majivu. Haukuwa mzaha. Kwake yeye, aliyekuwa amepumua moshi ule wiki nzima, miti ile mizima ilikuwa kama tusi.

Mzee hakuichoma. Mimi nilikuta mjadala umepoa, lakini haujaisha, na nimeuchukua kama wangu.

Tuanze na pingamizi la udogo, kwa kuwa ndilo linalotoka kwanza kinywani mwa kila ninayemweleza habari hii. Watu 33 wamekufa, na mzee anawaza miti ya sifongo. Sisi wanafunzi wa maadili tuna silaha nzito kwa pingamizi hili. Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa mzaliwa wa Melbourne, alichapisha makala yenye hoja ambayo mpaka leo inatunyima usingizi madarasani: kama unaweza kuzuia jambo baya sana bila kutoa kafara kitu chenye uzito unaokaribiana nalo, unawajibika kulizuia. Garimoshi moja la mfano, lililotengenezwa vizuri, linagharimu dola mamia kadhaa. Kwa upande wa pesa sioni pa kuikwepa hoja hii, wala sitaki kumkwepesha Mzee. Anayetumia pesa kwa starehe ana jambo la kujibu, iwe starehe yake ni treni, viatu, au kahawa ya maziwa ninayoinunua kila asubuhi nikienda maktaba.

Lakini huzuni haihesabiwi kama pesa. Dola ikishatumika hapa haiwezi kutumika kule. Huzuni ya mlima haipunguzi huzuni ya marehemu, na mara nyingi ndiyo inayoufungulia mlango. Oktoba 2020, moto ulipowaka Kilimanjaro, kutoka Moshi tuliona moshi mchana na mstari mwekundu usiku. Redio zilizungumzia kilomita za mraba. Mjomba wangu, aliyekuwa mpagazi kwa miaka mingi, alizungumzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, ambako wapagazi hutua mizigo na kunywa maji. Moto ulianzia maeneo hayo. Kwa Mjomba kilomita za mraba hazikuwa na sura. Whona ilikuwa nayo. Na kwa sababu ya Whona alitembea nyumba hadi nyumba akikusanya maji na mikate kwa vijana waliopanda kuzima moto.

Ninachojifunza hapo ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuombolezea hekta. Tunaombolezea kona moja, mti mmoja, benchi moja, kisha kutoka hapo, kama tuna moyo, tunafika kwa wengine. Swali la haki kwa mwenye huzuni ndogo ni hili: imekutoa nje au imekufungia ndani? Kwa hilo Mzee ana jibu ambalo hakulitoa kwa maneno. Desemba ile walipoambiwa wajiandae kuondoka, alipakia kwenye gari dawa za mkewe, ambaye alikuwa hai bado, hati za nyumba, paka, na jirani wa miaka 90 asiye na usafiri. AD60 ilibaki kwenye rafu. Ilikuwa inaingia mfukoni mwa koti.

Pingamizi la pili ni la yule mzimamoto, na ni gumu zaidi: ule mfano sasa ni uongo. Unamwonyesha mtoto anayekuja kuutazama mlima ambao haupo. Kwa mtazamo huu kuacha miti mizima ni kukataa kukiri msiba, kama familia inayoendelea kuandaa sahani ya marehemu mezani.

Nimelifikiria hili sana. Nadhani linakosea mahali pamoja na kupatia mahali pengine. Linakosea kuhusu namna mfano unavyosema ukweli. Meza ile haikuwahi kusema hivi ndivyo mlima ulivyo. Ilisema hivi ndivyo ulivyokuwa mwaka 1956, na moto wa 2019 haukuunguza mwaka 1956. Na tukisema aichome, tumchomee hali ya tarehe gani? Mikaratusi mingi ina desturi ya ajabu: baada ya moto kuunguza majani yote, machipukizi hutoka moja kwa moja kwenye shina jeusi, na baada ya miezi michache mti unaonekana umevaa manyoya ya kijani. Mlima mweusi wa Desemba 2019 nao haupo tena. Mezani ungegeuka uongo mpya kabla rangi haijakauka vizuri. Kila mfano ni ukweli wenye tarehe, na uungwana wa anayeujenga ni kuitaja tarehe yake.

Tena kuna aina ya moto wa mezani ambayo ingenisumbua kuliko miti mizima. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya treni za mfano yaliyofunguliwa mwaka 2001. Katika mji wao wa kubuni wa Knuffingen, moto huwaka mara kwa mara kwa siku. Moshi unatoka, taa za buluu zinamweka, magari madogo ya zimamoto yanajipanga barabarani, watazamaji wanatabasamu, moto unazimika. Sina ugomvi na ufundi ule, ni wa kustaajabisha. Ila moto unaotii ratiba, usioua mtu na usiobakiza majivu, hutufundisha jambo ambalo si kweli kuhusu moto. Kuipaka meza ya Mzee rangi ya majivu ili wageni waseme lahaula, kisha wanywe chai, kungeweza kuwa onyesho la namna hiyo.

Mahali ambapo mzimamoto yule alipatia ni kwenye hisia yake kwamba kuna kitu kinafichwa. Kipo. Kilikuwapo hata kabla ya 2019, na hapa ndipo penye pingamizi la tatu, ambalo ndilo langu.

Lithgow ni mji wa makaa ya mawe. Reli ile ilikuwa na ingali njia ya makaa ya mawe. Magarimoshi ambayo Mzee anayapenda, na ambayo sasa nami, nikiri, nimeanza kuyapenda, ni masanduku ya moto yanayokula makaa na kutema moshi. Wanasayansi wa hali ya hewa hawasemi kwamba tani moja ya makaa ya 1956 iliwasha moto wa 2019. Radi ndiyo iliyouwasha. Wanachosema ni kwamba joto la dunia, linalotokana kwa sehemu kubwa na kuchoma makaa, mafuta na gesi, limeongeza uwezekano wa hali ya hewa iliyougeuza msitu ule kuwa kuni. Reli ilibeba, kwa zaidi ya karne nzima, sehemu ya kile kilichokuja kuiunguza. Basi anayeiombolezea reli anamwombolezea nani? Marehemu, au mmoja wa waliomuua?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanafalsafa mwingine wa Australia, Glenn Albrecht, alitunga neno solastaljia. Alikuwa akiwasikiliza wakazi wa bonde la Hunter, katika jimbo hilihili, ambao mashimo makubwa ya makaa ya mawe yalikuwa yakila mandhari yao. Walikuwa na uchungu wa mtu aliye mbali na nyumbani, na hali hawakuwa wameondoka. Nyumbani ndiko kulikoondoka wao wakiwa wamekaa hapohapo. Neno hilo linamfaa Mzee kabisa. Lakini linamjia na mzigo: lilizaliwa kutokana na makaa yaleyale ambayo treni zake ndogo zinayavuta kila Jumamosi jioni kupita mbele ya msitu wa sifongo.

Jumamosi moja nilimuuliza. Sikumuuliza kuhusu joto la dunia, kwa sababu sikutaka kumhutubia mtu nyumbani kwake. Niliuliza swali la kiufundi, ambalo nilijua atalipenda: mwaka 1956, nyasi za kando ya reli zilikuwa za rangi gani?

Akanyamaza. Kisha akaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Alisema cheche kutoka kwenye bomba la garimoshi ziliangukia nyasi kila kiangazi. Alisema vibarua wa reli walikuwa wakizichoma nyasi za kando kwa makusudi kabla hazijawashwa na treni. Alisema baba yake alirudi nyumbani ananuka moshi wa aina mbili, wa makaa na wa nyasi, na mama yake aliweza kuzitofautisha harufu hizo. Mdomo wa kila handaki ulikuwa mweusi kwa masizi. Nguo zilizoanikwa karibu na reli zilipata madoa.

Sote wawili tukaitazama meza. Kando ya reli yake nyasi zilikuwa za dhahabu, safi, hadi kwenye kokoto. Mdomo wa handaki ulikuwa na kivuli cha masizi cha kupendezesha. Mtu aliyetumia miezi mitatu kutafuta rangi sahihi ya mlango wa behewa la 1956 alikuwa ameuacha moto wa 1956 nje ya meza. Hakuuficha kwa hila. Uliachwa na mapenzi yenyewe, maana mapenzi huchagua, na mara nyingi huchagua kabla hatujamwona anayechagua.

Hapo ndipo ninapoliweka jibu langu. Anayetunza mfano wa kitu kilichoungua hadaiwi kuuchoma. Anadaiwa kuurudishia moto uliokuwa wake tangu mwanzo. Msiba wa 2019 una mahali pengine pa kukumbukwa, kwenye majina ya wale 33, kwenye nyumba, kwenye msitu wenyewe unaochipua. Kuubandika kwenye mwaka 1956 ni kuvaa msiba wa wengine kama vazi. Lakini kuuacha mwaka 1956 bila moshi wake, bila cheche zake, bila ukanda mweusi kando ya reli, ni kujitengenezea zamani isiyodaiwa na mtu. Na zamani isiyodaiwa ndiyo inayotufanya tuishangae leo, kana kwamba moto ulidondoka kutoka mwezini.

Nadhani hili haliishii kwenye treni. Kila mmoja wetu ana meza yake, kitu anachokitunza kwa mapenzi katika mwaka fulani: kijiji cha bibi, chama kilicholeta uhuru, ndoa ya wazazi kabla ya ugomvi. Tukiambiwa tuvichome tunakataa, na tuna haki ya kukataa. Tunachoweza kuombwa kwa haki ni kuuliza nyasi za kando zilikuwa za rangi gani.

Mzee hakubaliani nami kwa ukamilifu. Wiki mbili baadaye nilimkuta ametoa rangi nyeusi na brashi yenye nywele tatu. Mkono wake unatetemeka, kwa hiyo mimi nilishika taa naye akaegemeza kiwiko mezani, tukaanza kupaka ukanda mwembamba kando ya kokoto, si mweusi mtupu, bali mweusi unaofifia kwenda kahawia, kisha dhahabu. Nikamwambia kwamba naona anafanya jambo la kimaadili. Akasema anafanya jambo sahihi kwa mwaka 1956, na kwamba nyie watu wa chuo kikuu mnapenda kuweka roho mahali penye rangi. Alisema hatubu kwa ajili ya baba yake, mtu aliyefanya kazi halali na kulisha watoto wanne. Nilimjibu kwamba simwombi atubu. Tuliliacha hapo, na bado tuko hapo.

Lakini kuna jambo moja analolisema yeye mwenyewe bila kusukumwa, nami naona limetangulia hoja yangu kwa mbali. Kiangazi, siku ambazo mamlaka zinatangaza marufuku ya kuwasha moto nje, reli za kitalii za Australia haziwashi magarimoshi ya makaa. Huvuta mabehewa kwa dizeli au hufuta safari. Watu waliosafiri mamia ya kilomita kuja kuona moshi wanarudi bila kuuona, na wanaowaambia hivyo ni watu wa kujitolea ambao wametumia wikiendi zao za miaka mingi kulifufua garimoshi hilohilo. Mzee anazichukia siku hizo. Ananuna, anazima redio, anasema hewa haina ladha. Sijawahi kumsikia akisema kwamba marufuku iondolewe.